Mwana Arudipo Mikono Mitupu

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Septemba 15, 2025, taa za nyumba kadhaa katika mtaa wetu hapa Singida hazikuzimwa. Ilipotimu saa 7:30 usiku kwa saa zetu, huko Tokyo ikiwa ni saa 1:30 asubuhi, mbio za marathoni za wanaume za Mashindano ya Dunia ya Riadha zilianza. Miongoni mwa waliosimama kwenye mstari alikuwamo Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu. Baada ya kilomita 42 na ushei, wanaume wawili waliingia uwanjani wakifukuzana hadi hatua ya mwisho. Wote wawili waliandikiwa muda mmoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha ya mstari wa kumalizia itazamwe ndipo ijulikane kuwa Simbu amemtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza kwa Tanzania tangu mashindano hayo yaanzishwe mwaka 1983.

Ilipoadhiniwa Alfajiri, safu za msikitini kwetu zilikuwa ndefu kuliko kawaida ya Jumatatu. Wengi walikuwa hawajalala kabisa. Baada ya swala tulisimama uani, kila mmoja akisimulia zile hatua za mwisho kana kwamba alikuwa kando ya uwanja. Mama mmoja wa mtaa wetu, ambaye habari zake zitafuata, alisimama upande wa kinamama akasikiliza mpaka tulipotulia. Kisha akatuuliza: "Ustadhi, na yule aliyekuwa wa pili, kwao leo kukoje?"

Hatukuwa na jibu. Tulitoa tabasamu, tukasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, tukatawanyika. Lakini swali lile halikututoka, na siku ile ile tulitafuta habari za kijana huyo wa Ujerumani. Tulikuta kwamba Petros alizaliwa Eritrea, akakulia Ethiopia, kisha akafika Ujerumani angali kijana mdogo, akiwa mkimbizi. Vita vya Tigray vilipozuka Novemba 2020, mama yake na ndugu zake wa kike walikuwa huko, naye akakaa muda mrefu bila mawasiliano nao. Alikuwa akikimbia mbio za kimataifa ilhali hajui kama mama yake yu hai. Basi swali la mama wa Singida lilikuwa limegusa mahali penyewe. Nyuma ya kila mwanariadha tumwonaye kwenye runinga kuna nyumba, na nyumba hiyo nayo ina mbio zake ambazo hakuna anayezitangaza.

Ndugu msomaji, safu yetu ya wiki hii inahusu nyumba hizo. Tumezoea kuzungumza juu ya mwana ashindaye. Leo tuzungumze juu ya mzazi, ndugu na jirani wa mwanariadha mkubwa: anagharimika vipi, anatazama vipi, na zaidi ya yote, anampokea vipi mwanawe siku arudipo mikono mitupu. Tunakiri mapema kwamba hatuandiki kama walimu wa jambo hili. Tunaandika kama watu waliokosea.

Mama aliyetuuliza alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa kitinda mimba wake ni mkimbiaji. Kipaji chake kilionekana tangu michezo ya UMITASHUMTA shule ya msingi, kikathibitika UMISSETA alipokuwa sekondari, na baada ya hapo akaenda Arusha kujiunga na wakimbiaji wenzake wanaofanya mazoezi kwenye miinuko. Baba yake ni mkulima wa alizeti. Mama hufuga kuku wa kienyeji. Kwa muda wa miaka minne nyumba ile ilikuwa na mtoto mmoja aliyekula kwa mipango na wengine waliokula kwa bahati. Kijana alihitaji chakula cha kutosha, kodi ya chumba, nauli, na viatu. Msomaji asiyejua michezo hii huenda asiamini, lakini jozi moja ya viatu vya kisasa vya mashindano hula bei ya magunia kadhaa ya alizeti, na haimalizi msimu kabla ya kuchoka.

Dada yake alikuwa amepata nafasi ya chuo. Aliambiwa asubiri mwaka mmoja, ili ada yake iwe nauli ya kaka yake. Alisubiri miwili. Hatukumsikia akilalamika, nasi tukauita ukimya wake radhi. Hili ni kosa letu la kwanza, na tunalitaja kwa sababu tumeliona katika nyumba nyingi. Mwana mwenye kipaji huwa kama jua, na ndugu zake wakawa kivulini. Watu husema familia imejitolea, ilhali ndani ya familia hiyo yuko mmoja ambaye hakuulizwa.

Mwaka juzi kijana alipata nafasi ya kwenda kukimbia nje ya nchi. Mzee wake alifika kwenye kamati ya msikiti kuomba msaada, nasi tulitangaza baada ya swala ya Ijumaa. Watu walitoa kwa moyo. Zilipatikana shilingi 340,000. Sisi ndio tushikao daftari, na kwa mkono wetu tuliandika jina la kila aliyetoa na kiasi alichotoa, kisha Ijumaa iliyofuata tukayasoma majina yale kwa kipaza sauti, kijana akiwa ameketi safu ya pili. Tulidhani tunawashukuru watoaji. Hatukutambua kwamba tulikuwa tukimfunga kijana mzigo mgongoni, jina baada ya jina.

Hebu tueleze hapa jambo la kiuchumi ambalo wazazi wengi hawalijui wanapoanza safari hii. Mkimbiaji wa marathoni wa ngazi ya juu hukimbia mbio kubwa mbili kwa mwaka, au tatu akizidisha. Mwili hauwezi zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba mwaka mzima wa nyumba hutegemea asubuhi mbili. Na mavuno ya asubuhi hizo hayagawanywi kwa wote. Katika Mashindano ya Dunia ya Tokyo, mshindi wa kwanza alipata dola 70,000 na wa nane dola 5,000. Kuanzia wa tisa, hakuna zawadi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Shirikisho la Riadha la Dunia lilitoa dola 50,000 kwa mwenye medali ya dhahabu pekee. Aliyeshika nafasi ya pili hakupata kitu kutoka mfuko huo.

Mkulima wa alizeti akikosa mvua huambulia walau debe la mbegu. Mwanariadha akiwa wa tisa duniani, kati ya binadamu wote hawa, haambulii hata punje. Hata akishinda, fedha haiji siku ile. Husubiri kwanza majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa, na kabla haijafika nyumbani kuna kodi ya nchi ya mashindano na kuna fungu la wakala. Jamaa wa mwanariadha wasiojua haya humwona kwenye runinga siku ya Jumapili, na Jumatatu wamekwishafika na haja zao. Akisema hana, huambiwa amebadilika.

Simbu mwenyewe ni ushahidi. Dunia inamkumbuka kwa Tokyo 2025. Lakini mwaka mmoja tu kabla yake, Agosti 10, 2024, alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini Paris akashika nafasi ya 17. Ni mtu yule yule, miguu ile ile. Je, alfajiri baada ya Paris ni nani kati yetu aliyesimama uani akaulizia hali ya nyumbani kwao? Sisi hatukuulizia. Tulikuwa tumekwishalala.

Tuje sasa kwenye kutazama. Wako wanaodhani kwamba mzazi wa mwanariadha ana raha ya kumwona mwanawe mbele ya dunia. Mwaka 2021, Michezo ya Olimpiki iliyoahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19 ilipofanyika Japani, watazamaji kutoka nje ya nchi walizuiwa kuingia, na katika viwanja vya Tokyo hata wenyeji wakazuiwa. Wazazi wa nchi tajiri, waliozoea kukata tiketi na kuketi jukwaani, walilazimika kuketi sebuleni kwao na kutazama kioo. Wengi walilalamika kwamba ni adhabu kubwa, nasi hatuwalaumu. Lakini adhabu hiyo waliyoonja wao kwa kiangazi kimoja ndiyo hali ya kila siku ya mzazi wa Singida, wa Mbulu, wa Iten au wa Kapchorwa. Yeye hajawahi kuwa na jukwaa la kukalia.

Tena kioo chenyewe hakimtendei haki. Marathoni huchukua zaidi ya saa mbili, na kamera hukaa na walio mbele. Mwana wako akiwa katika kundi la kwanza, utamwona. Akianza kuachwa, hutaona akiachwa. Utaona tu kwamba hayupo. Mama wa mkimbiaji huhesabu fulana: ile ya kijani, ile ya njano, ile ya bluu. Kisha hesabu hupungua moja, na hiyo moja ni yake. Hakuna mtangazaji anayemweleza kama mwanawe ameanguka, amejitoa, au yuko nyuma kidogo anajikokota. Kutoonekana ndiyo habari yenyewe, na habari hiyo haina maelezo.

Siku kijana wetu alipokimbia, familia yake ilikusanyika chumbani kwa jirani mwenye simu kubwa. Walikuwa watu tisa wakiitazama simu moja iliyoegemezwa kwenye sufuria. Walimwona mpaka karibu kilomita ya 30. Kisha picha ikaganda. Bando lilikuwa limekwisha, na usiku ule hapakuwa na duka lililo wazi. Mzee alitoka nje akaketi juu ya jiwe. Mama alitandika mswala. Hawakujua lolote mpaka kesho yake adhuhuri, kijana alipopata simu ya kuazima akapiga. Alisema: "Mama, nimeshindwa. Niliachia njiani." Msuli wa paja ulikuwa umemkaza, akajitoa kilomita ya 34.

Na sisi je? Tulikuwa tumepanga mapokezi. Tulikuwa tumezungumza na vijana wa dufu, na mwenzetu mmoja ameahidi gari. Habari ilipokuja, hakuna aliyefuta mapokezi kwa kauli. Kila mtu alinyamaza tu, mapokezi yakajifuta yenyewe. Kijana aliteremka stendi saa 4 usiku kwa basi la kutoka Dar es Salaam, akabeba begi lake, akatembea mpaka nyumbani.

Ijumaa iliyofuata hakuja msikitini. Ya pili hakuja. Ya tatu, mwenyekiti wetu wa kamati alitwambia tuende kumtazama. Tulimkuta mama yake akichambua mchele. Tukasema kwa upole ule wa viongozi kwamba jamii inamkosa kijana, na kwamba asivunjike moyo, kwani watu bado wana matumaini naye. Mama hakuinua uso. Akasema: "Ustadhi, mwanangu aliondoka hapa na miguu miwili, amerudi na miguu miwili. Mimi nimeshukuru. Ninyi mnamdai nini?"

Tulijibu haraka kwamba hatumdai chochote. Akasema: "Basi mbona kwenye daftari yamo majina?"

Kijana hakuwa ameacha msikiti kwa kukosa imani. Alikuwa akipita mbali na msikiti kwa sababu kila mtu aliyeketi safu zile alikuwa mdai wake. Alikuwa amehesabu. Alilijua jina la kila mmoja na kiasi chake kwa kichwa, kwa kuwa tulimsomea sisi wenyewe. Alikuwa ameanza kubeba matofali kwenye ujenzi ili alipe, na msuli ule haujapona.

Hapo ndipo tulipofahamu jambo ambalo tungependa kila nyumba yenye mwanamichezo ilifahamu. Mwana ni amana. Tunamlea, tunamgharimia na tunamwombea kwa sababu ni wetu wa kulea. Siku tunapomgharimia ili turudishiwe, anakuwa ametoka katika amana na kuingia katika mtaji. Mtaji hauna ruhusa ya kuugua, wala kuchoka, wala kuwa wa 17. Na mtaji una mwenyewe, kisha wenyewe huwa wengi, kisha hugombana.

Wala ugomvi huo si jambo dogo. Nchi jirani zimeonyeshwa mwisho wake. Oktoba 2021, Agnes Tirop wa Kenya, aliyekuwa na umri wa miaka 25 na mwenye medali mbili za shaba za dunia za mita 10,000, alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, na aliyeshitakiwa ni mumewe. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris na kushika nafasi ya 44, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyewahi kuishi naye, nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya. Alifariki dunia Septemba 5 katika hospitali ya Eldoret. Iliripotiwa kwamba walikuwa wakigombania kiwanja na nyumba, mali iliyotokana na jasho lake. Hatutaji mambo haya ili kuwatisha wazazi wa mabinti. Tunayataja kwa sababu mwanzo wake hauonekani kuwa mkubwa. Huanza na mtu kusema: bila mimi asingefika pale.

Dini yetu haikuuchukia mchezo, wala haikumkataza mtu kufurahia ushindi. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.), safari moja bibi akashinda, na safari nyingine, miaka ikiwa imepita, akashindwa, na mapenzi hayakupungua kwa hili wala lile. Lakini iko habari nyingine ambayo hufundishwa mara chache zaidi, nayo inawahusu watazamaji. Imepokewa na Anas bin Malik (r.a.), na imo katika Sahihi Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Akaja bedui na ngamia wake mchanga, akampita. Jambo hilo liliwawia zito Waislamu mpaka Mtume akalitambua. Akawafundisha kwamba ni desturi ya haki aliyoiweka Mwenyezi Mungu kuwa hakuna kitu cha dunia kinachoinuka ila hukishusha.

Tutafakari mambo mawili hapo. La kwanza, waliohuzunika ni watazamaji, na Mtume aliwashughulikia wao. Alijua kuwa kutazama aliye wako akishindwa ni maumivu ya kweli, hakuwaambia ni upuuzi. La pili, katika riwaya hiyo hatusomi kwamba Adhbaa alilaumiwa. Kushindwa kulielezwa kuwa ni zamu, kama zamu ya mvua na kiangazi. Aliye juu leo ajue, na aliye chini leo ajue pia.

Nasi Watanzania hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Oktoba 20, 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka njiani akaumia vibaya goti. Alifungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, giza limekwishatanda na watazamaji wengi wamekwishaondoka. Alikuwa wa mwisho katika waliomaliza. Imepita zaidi ya nusu karne. Muulize Mtanzania yeyote mpenda riadha ni nani alipata medali ya fedha siku ile, hatakujibu. Muulize habari za Akhwari, atakusimulia mpaka bandeji. Kumbe tunaweza kumpenda aliyeshindwa. Tatizo ni kwamba tunampenda akiwa ameshakuwa historia. Akiwa bado yuko stendi na begi lake, tunanyamaza.

Kutokana na yaliyotupata, tunatoa nasaha chache kwa nyumba na kwa kamati za misikiti.

Kwanza, fedha yoyote itolewayo kwa mwanamichezo ijulikane ni nini kabla haijatoka mkononi. Ikiwa ni mkopo, uandikwe kama Qur'an ilivyotuamuru kuandika madeni, kwa kiasi, muda na mashahidi. Ikiwa ni sadaka au zawadi, isemwe hivyo mbele yake, kisha isitajwe tena. Fedha isiyo na jina ndiyo inayomla mtu usiku.

Pili, wazazi waketi na watoto wao wengine na kuwauliza waziwazi wanachokubali kuacha na kwa muda gani. Aliyesubiri mwaka mmoja asisubirishwe miwili kwa kimya. Kipaji cha mmoja kisilipiwe na haki ya mwingine.

Tatu, mapato ya mwanariadha ni yake, awe mwana au binti, ameoa au ameolewa. Kiwanja, nyumba na akaunti viwe kwa jina lake. Wazee wawe washauri na mashahidi, wasiwe wagawaji. Binti akisema anatishwa kwa ajili ya mali yake, aaminiwe siku ile ile, asiambiwe avumilie ndoa.

Nne, siku ya mashindano mzazi asiachwe peke yake. Aende mtu mmoja mtulivu akae naye, mwenye simu na bando la kutosha, na awe amepanga mapema na mtu aliyeko huko ambaye atapiga au kutuma ujumbe iwapo lolote litatokea. Ni jambo dogo, lakini lingemwondolea yule mzee usiku mzima juu ya jiwe.

Tano, mapokezi yapangwe kabla ya matokeo na yasibadilike baada ya matokeo. Kama ni watu wanne stendi, wawe wanne kwa dhahabu na wanne kwa aliyejitoa njiani. Na swali la kwanza nyumbani lisiwe "ilikuwaje?" Liwe "umekula?" Habari za mbio atazisema mwenyewe, akiwa tayari.

Kuhusu daftari letu, tulifanya tulichoweza. Tulimwita kijana na baba yake mbele ya kamati, tukafungua ukurasa ule, tukaandika chini yake kwa wino mwekundu kwamba kilichotolewa kilikuwa sadaka, hakidaiwi, na tukatia saini wote watano. Kisha tukamwomba radhi. Dada yake ameingia chuo mwaka huu, na safari hii kamati ndiyo iliyokwenda kuuliza inahitajika nini, pasipo kipaza sauti.

Mwezi uliopita kijana alikwenda tena kukimbia, mkoa wa jirani. Alirudi kwa basi la usiku. Tulikuwa wanne stendi, pamoja na mzee wake aliyevaa kanzu ya Ijumaa siku isiyo ya Ijumaa. Tulitembea naye mpaka nyumbani tukizungumza habari za mvua. Mama alikuwa ameandaa wali na kuku. Tulinawa, tukaanza kula, hakuna aliyeuliza. Baada ya matonge matatu kijana akasema mwenyewe kwamba alikuwa wa tisa.

Mama yake akamwongezea paja la kuku.

Wabillahi tawfiq.